Jina la Mama Mkwe Halitamkwi

Kambini, upande wa Burundi
19 Desemba 2025

Mabukwe mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa karatasi haiwezi kukuonyesha. Tuko wazima. Nimeliandika hilo mwanzoni ili ulisome mwanzoni, maana najua miwani yako imevunjika mkono mmoja na unachoka haraka.

Karatasi hii nimepewa na watu wanaopeleka barua kati ya jamaa waliopotezana. Haina bahasha. Wao wenyewe wanaisoma kabla haijaondoka, na wametuonya tusiandike neno la vita wala la wanajeshi, habari za familia tu. Simu yangu ilizama siku ya kuvuka mto Ruzizi, kwa hiyo usinipigie, utachoka bure.

Tulitoka Uvira asubuhi ya tarehe kumi na moja. Mlango wa Bertrand niliufunga kwa kufuli, na ufunguo ninao shingoni. Bado nauita mlango wake, ingawa huu ni mwaka wa pili tangu lori lilipotuondolea mwanao. Sasa tumebaki watatu tu wa kuitana ndugu: wewe, mimi na mtoto.

Mabukwe mdogo anakula na analala. Wametupa hema, tunaligawana na mama mwingine wa kwetu bondeni. Uji ni wa mahindi, mtoto hakuupenda siku ya kwanza, sasa anaupenda.

Nina jambo la kukuomba. Jumapili ile ya mwisho, nilipomchukua mtoto kanisani kwako Makobola nikaondoka bila hata kunywa maji ya nyumba yako, nilifanya vibaya. Hasira ilinishika mbele za watu. Nisamehe. Nikirudi nitakaa kwako wiki nzima na utanisema mpaka uchoke.

Niandikie kama umepona. Niandikie kama nyumba ipo.

Mkwe wako,
Alliance


Makobola
9 Januari 2026

Mama Anne,

Ndiyo, nimekuita hivyo, na najua umekunja uso. Kwetu ziwani mwanamke akizaa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na wa kwako ni Anne kama mimi. Kunja uso wako, ukimaliza usome.

Antoine katekista ndiye aliyeniletea barua yako, ameikunja ndani ya kitabu cha nyimbo. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilimshukuru Mungu. Mara ya tatu nikaanza kutafuta jina la mjukuu wangu, na sikuliona. "Mtoto" liko, "mabukwe mdogo" liko. Mtoto wa miaka minne unamwita mama mkwe, kwa hicho Kirundi chenu cha Sange, na mimi mwenyewe unaniita vilevile, mpaka mtu asiyetujua angedhani una wakwe wawili na mmoja bado anajikojolea.

Sisi tulipanda mlimani siku tatu, tukarudi. Nyumba ipo. Mihogo imeng'olewa nusu na watu nisiowajua, sikuwasema, njaa ni njaa. Antoine alinipandisha kwa baiskeli kama gunia. Kwenye baiskeli ile palikuwa na nafasi ya mtoto. Sikulaumu. Nasema tu kwamba nafasi ilikuwepo.

Sasa nikuambie kuhusu jina hili unalolikimbia. Mama yangu aliniita Ana, maana ulimi wake haukujua kumalizia Kifaransa. Mapadre waliandika Anne. Nilipokuwa msichana nikiuza ndagala kavu, dagaa wetu wa ziwani, wanunuzi kutoka Kigoma waliniita Hana, na wale Waislamu miongoni mwao walisema hilo ni jina la bibi mzaa mama wa Nabii Isa, wakaniheshimu kuliko wenzangu. Kulikuwa na mama aliyekuwa akishuka na maziwa kutoka Mulenge. Hatukusikilizana lugha hata kidogo, lakini alikuwa na binti Ana, na kwa ajili ya binti huyo alinijazia kikombe mpaka kinamwagika. Marehemu mume wangu yeye alilivuta refu alipotaka chakula. Sijawahi kufika mahali nikataja jina langu mtu akaniuliza ni jina gani hilo. Lina mlango kila nyumba. Ndiyo maana nilimwomba Bertrand ampe mtoto, ili popote atakapofika wajue kumwita.

Wewe peke yako ndiye uliyekataa. Mwaka wa sita sasa unakula kwangu, unalala kwangu, na jina langu hujawahi kulitia mdomoni. Hata nilipompa mwanao, ukakataa kumwita. Jumapili ile Antoine aliwauliza watoto majina, wa kwetu akasimama akasema "Anne" kwa sauti, kanisa zima likapiga makofi, na wewe ukamnyanyua kama umeona nyoka. Niliumia, Alliance. Kama hukujua, sasa unajua.

Nataka kitu kimoja. Weka mkono wake wa kushoto kwenye karatasi, uuzungushie kalamu, unitumie. Nitaweka wangu juu yake.

Anne, wajina wa mtoto


Kambini
27 Januari 2026

Mabukwe,

Barua yako imenikuta nafua. Niliisoma nikiwa na povu mikononi, utaona madoa ukirudishiwa.

Si kwamba jina lako naliona uchafu. Naomba unisikilize hilo kabla ya mengine. Kwetu Sange mama yangu alinifundisha kabla ya harusi kwamba jina la mkwe haliguswi na ulimi. Ukilitaja ni kama umemvua nguo mbele za watu. Yeye mwenyewe alimwuguza mama mkwe wake miaka saba, akamwosha, akamzika, na padre alipouliza pale kaburini jina la marehemu, mama alimwonyesha jirani kwa kidole ili jirani ajibu. Watu walimsifu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikajiambia nami nitakuwa mkwe wa namna hiyo.

Bertrand alipokuja kutoka kwako akasema mtoto amepewa jina lako, nilifurahi na papo hapo nikaogopa. Nitamwitaje? Nikachagua neno la heshima kubwa kuliko yote niliyo nayo. Kila nilipomwita aje kula, nilikuwa nakuheshimu wewe. Majirani wa Uvira waliponiita Mama kwa jina hilo, niliwaomba waniite Mama Mtoto tu, wakanicheka. Sikujua kwamba wewe huko ulikuwa unasikia tusi. Bertrand angetuelezea, yeye alikuwa anatujua wote wawili, lakini alikuwa mtu wa kucheka na kuahirisha.

Jumapili ile sikukasirikia jina. Niliona jinsi alivyosimama kwa haraka, hajanitazama hata mimi. Niliona kama kwako yeye ni mtu mwingine kabisa, ambaye mimi sina neno la kumwitia. Nilimwonea wivu koko yake, yaani wewe bibi yake, hiyo ndiyo kweli.

Mkono huu hapa chini. Alicheka kalamu ilipopita katikati ya vidole. Anakusalimu.

Karatasi imeisha.

Mkwe wako,
Alliance


Makobola
11 Februari 2026

Alliance,

Huu ni mkono wa nani?

Kidole kidogo cha kushoto cha mjukuu wangu hakinyooki. Kilikunjika alipoanguka kwenye mbabula yangu, akiwa na miaka miwili, makaa bado mekundu, na mimi nimegeuka kuchukua chumvi. Ulinisema kwa ajili ya kidole hicho mwaka mzima, na nilistahili. Hiki ulichonichorea kimenyooka kama penseli.

Nimekaa na karatasi hii siku mbili. Kwanza nilijiambia umechanganyikiwa, umechora wa kulia. Nikaigeuza, nikaiweka dirishani ili mwanga upite. Dole gumba likakataa, ni wa kushoto kweli. Nikajiambia labda uliuchora haraka, mtoto anachezacheza. Halafu nikaweka mkono wangu juu yake kama nilivyokuahidi, na sikuhisi kitu. Karatasi tu.

Mjukuu wangu yuko wapi? Kama amekufa, andika amekufa. Nimezika mume, nimezika Bertrand, neno hilo naweza kulisoma bila kuanguka. Usilolijua wewe ni kwamba mwanamke wa umri wangu anaweza kustahimili kila kitu isipokuwa kufanywa mjinga.

Anne


Kambini
24 Februari 2026

Mabukwe,

Mkono ni wa Délice, binti wa mama tunayegawana hema. Nilimpa biskuti akakubali kutulia.

Mtoto sijui yuko wapi. Sijui kama amekufa. Nimeandika.

Tulivuka salama. Hilo ndilo linalonikata maini, kwamba tulikuwa tumeshavuka. Mtoni nilikuwa nimembeba mgongoni, maji yananifika kifuani, na hakulia hata kidogo. Ng'ambo nikamshusha nikamue kitenge. Nikakikamua, nikakikung'uta. Malori yakafika nyuma yetu, watu wakasukumana kupisha, nikageuka, na mahali aliposimama amesimama mzee mmoja na godoro kichwani.

Niliita. Niliita "Mabukwe, Mabukwe" mpaka sauti ikakauka. Wanawake wazima waligeuka, mmoja baada ya mwingine. Bibi mmoja akanishika bega kwa huruma, akaniambia hapa wakwe ni wengi, nimtafute wangu polepole. Alidhani nimempoteza mzee.

Siku mbili baadaye nikasikia kuna hema la watoto waliookotwa. Nilikimbia. Mlangoni alikuwa kijana anaitwa Ndayisenga, ana daftari, na nyuma yetu foleni ndefu ya wazazi. Sheria yao ni kwamba hawakuonyeshi mtoto mpaka utaje jina ambalo mtoto mwenyewe amelitaja, maana kuna watu wanaokuja kuchukua watoto wasio wao. Akaniuliza jina. Nikasema Uwimana. Unakumbuka ndilo jina la pili kwenye karatasi ya ubatizo, na hakuna mtu aliyewahi kulitumia. Akapitisha kidole kwenye daftari. Hakuna Uwimana. Nikamwambia nyumbani anaitikia Mabukwe.

Akanitazama vizuri. "Mama," akasema, "miye niko naandika batoto. Bakwe banaandikiwa kule."

Foleni ikacheka. Si kwa ubaya, watu walikuwa wamechoka, wakapata cha kuchekea.

Lile jina lingine lilinifika kooni, sitakudanganya. Lilisimama pale. Nikajiambia: mtoto hawezi kujiita hivyo. Mama yake ni mimi, anayemwita kila siku ni mimi, atasema lile ninalomwitia mimi. Jina lile ni la koko yake, la nyumba ya Makobola. Nikajisogeza kando, mwingine akaingia mahali pangu. Kidole hata sikukikumbuka. Siku zote nilikikumbuka nilipotaka kukusema wewe, na siku nilipokihitaji hakikuja.

Baada ya hapo nilirudi kila asubuhi kuuliza kama Uwimana amepatikana, mpaka Ndayisenga akawa ananijibu kwa kichwa kabla sijafika.

Nilipokuandikia barua ya kwanza nilikuwa na hakika nitampata kabla hujajibu, na wewe usingejua kamwe. Ya pili niliandika kwa sababu nimeshaandika ya kwanza. Sina msamaha wa kukuomba, sijui hata ningeuombaje.

Alliance


Makobola
8 Machi 2026

Alliance,

Nilikasirika siku tatu. Siku ya kwanza niliitupa barua yako kwa kuku. Siku ya pili nikaiokota. Siku ya tatu nilimwita Antoine nikamwambia aisome mbele yangu, kwa sauti, ili nisikie kama kuna mahali ulipokusudia. Hakuna. Ulikuwa mjinga na ulikuwa na heshima, yote mawili kwa wakati mmoja, na mimi sijui nikuchukie kwa lipi.

Sasa niandike langu, maana usiku huu si wako peke yako.

Ulikuwa unamleta kwangu Jumatatu ili ukashone sokoni, na kumchukua Jumapili. Siku zote hizo katikati nilikuwa namfundisha. Nilimkalisha kwenye mkeka nikamwambia: wewe unaitwa Anne. Ukiulizwa na yeyote, sema Anne. Mama yako akikuita lile jina lake la Kirundi, nyamaza, usiitike, mpaka akuite vizuri. Nilimjaribu. Nilimwita Mabukwe nikiwa jikoni, na akikaa kimya nampa mkia wa samaki mukeke wa kukaanga. Anaupenda, unajua. Mwezi wa kumi na moja alikuwa hakosei tena. Hata wewe uliniambia siku hizi mtoto amekuwa kiziwi, tumpeleke kwa daktari, nami nikacheka kimoyomoyo.

Kwa hiyo pale mtoni, Alliance, huenda alikuwa hatua kumi kutoka kwako. Huenda alikusikia vizuri. Huenda alikaa kimya kama nilivyomfundisha, akingoja umwite vizuri.

Sijamwambia hilo mtu yeyote isipokuwa Antoine na wewe, na hao wanaosoma barua zetu. Wasome.

Na pale hemani alisema Anne. Nina hakika kama nilivyo na hakika kwamba nimekaa. Rudi kwa huyo kijana. Mimi Anne, mjane, mama wa marehemu Bertrand, nikiwa na akili zangu zote, nakuruhusu kulitamka jina langu mbele ya watu wowote, kwa sauti yoyote, mchana wowote. Antoine ni shahidi. Sijui kama kwenu kuna ruhusa ya namna hii. Kama haipo, nimeianzisha leo.

Litamke kwanza ukiwa peke yako, ili ulimi usikukwame mlangoni. Sema Anne. Wasipokuelewa sema Ana. Wasipokuelewa sema Hana. Usingoje Jumatatu.

Kifua kinanibana siku hizi, lakini si habari.

Anne
Shahidi: Antoine, katekista


Kambini
2 Aprili 2026

Anne,

Nimeliandika. Nimeliangalia muda mrefu kabla ya kuendelea, na hakuna kilichoanguka.

Barua yako ilinifika jioni. Kesho yake alfajiri nilikwenda bombani kabla wanawake hawajafika, nikafungua maji ili yanifunike sauti, nikalisema. Mara ya kwanza lilitoka kama kikohozi. Mara ya kumi lilitoka. Nililia kidogo, nikanawa, nikaenda kwa Ndayisenga.

Lile hema sasa ni stoo ya magunia. Ndayisenga yupo, anagawa sabuni. Nilimwambia nimekuja kutaja jina. Akaanza kutikisa kichwa kama kawaida yake, nami nikasema, "Mutoto yangu anaitwa Anne."

Kichwa kilisimama. Hakuniuliza mara ya pili. Alikwenda ndani akaleta daftari la Desemba, likiwa limelowa pembeni, akafungua ukurasa, akanigeuzia nisome mwenyewe. Anne, wa kike, miaka minne. Ametoka Makobola kwa koko yake. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimekunjika. Ameingia tarehe kumi na mbili Desemba.

Mimi nilisimama mlangoni pale tarehe kumi na tatu. Alikuwa ndani. Ndayisenga anasema walikuwa wanakula uji saa ile.

Mwisho wa mstari kuna tarehe nyingine, ishirini na moja, na alama ya dole gumba. Nilimwuliza hiyo ni nini. Akaanza kunijibu, akakaa juu ya boksi la sabuni.

"Mama yake alikuja kumuchukua," akasema. Halafu akaniuliza, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Weye ulikuwa wapi?"

Alikuja mama mmoja, amevaa kitenge cha kijani, Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa. Alikuwa anazunguka siku nyingi akimtafuta binti yake Hana. Walimwambia kuna Anne. Akasema ndiye. Hapa Anne na Ana na Hana wanayahesabu jina moja, wangefanyaje, kila kabila linatamka lake. Mtoto wakamleta. Yule mama alipiga magoti kwenye vumbi akaita, Ana, Ana mwanangu, na mtoto akatazama kwanza, halafu akaenda. Wakamwuliza mtoto, huyu ni nani wako? Akakaa kimya, lakini kitenge alikuwa amekishika. Ndayisenga anasema alikishika kwa mikono yote miwili. Watoto wale walikuwa wamekaa siku tisa bila mtu wa kuwaita kwa upole, na huyo aliita vizuri.

Simchukii. Nimejaribu. Sijui kama alikosea au alijua. Labda na yeye aliona ni kidole kipya tu, akajiambia vita vimekikunja. Wakati nakuandikia barua ile ya kwanza kwamba anakula na analala, alikuwa kweli anakula na analala, hatua mia mbili kutoka nilipokaa. Siku mbili baadaye aliondoka.

Walipandishwa lori la kambi za kusini. Kule daftari lao halina mama wa namna hiyo. Wengi walishuka njiani, wengine walivuka mpaka wa Tanzania kwa miguu, wengine mashua. Watu wa barua wameandika yote niliyowaambia na wamenionea huruma, nimeona machoni mwao, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mtu mwenye tumaini la kukupa haangalii chini.

Uliniandikia kwamba jina hili lina mlango kila nyumba. Ni kweli. Sikulaumu. Nasema tu, kama ulivyoniambia habari ya baiskeli.

Na kuhusu uliyomfundisha, usijiue kwa hilo. Alikuwa mtoto wako pia. Ningemwita vizuri mara moja tu pale mtoni, angeitika. Hilo ni langu, niachie.

Nimeanza kutembea kambi kwa kambi. Nilianza na hii. Wiki iliyopita nilisimama pale watoto wanapocheza, karibu na tangi la maji, nikaita kwa sauti yangu yote. Anne. Ana. Hana. Watoto saba waligeuka. Saba, na wawili wakaja mbio kabisa, wakidhani kuna kitu kinagawiwa. Nikawaomba wanionyeshe mikono ya kushoto, wakanionyesha kwa furaha, vidole vyote vimenyooka. Mama mmoja akaja akamvuta wake nyuma ya sketi, akaniuliza natafuta nini kwa watoto wa watu. Nikamwambia jina la mama mkwe wangu. Akaniona nimerukwa na akili, akaenda zake.

Kesho nakwenda kambi ya pili, halafu ya tatu, na kusini. Pumzisha kifua, usipande mlimani tena. Kama utanijibu, mpe Antoine, watu wa barua watanitafuta.

Usiwe na wasiwasi kuhusu ulimi wangu. Jina lako sasa nalitamka vizuri.

Mama Anne